Miaka mitano naandika LPO, nitasimamia manunuzi lini?

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, ni afisa ununuzi katika kiwanda cha vyakula hapa Dar es Salaam. Nina shahada ya ununuzi na ugavi, nimesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ila CPSP, mitihani yake ya kitaaluma, sijamaliza. Kwa miaka mitano kazi yangu ni kukusanya kotesheni (bei za wauzaji), kuandaa LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo kwa muuzaji, kufuatilia mzigo na kupeleka ankara uhasibu. Wanaume wawili waliokuja baada yangu wameshapewa usimamizi, mmoja wa vifungashio, mwingine wa usafirishaji. Nilipouliza, mkuu wangu alisema ununuzi ni mahusiano, na mke wa mtu hawezi kukaa na masapulaya hadi saa tatu usiku. Akaongeza kwamba mimi ni mwaminifu sana kwenye makaratasi na hayuko tayari kunikosa pale. Nawaza nikasome shahada ya uzamili, au nihamie serikalini ambako nasikia wanawake tumetengewa asilimia 30. Halafu nina ujauzito wa miezi minne na kazini sijamwambia mtu. Naogopa nikienda likizo ndiyo basi tena. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa ujauzito. Nitaufikia mwishoni, maana una tarehe zake kisheria na nataka uzishike vizuri.

Katika barua yako yote, la saa tatu usiku halikunishtua. Hilo tunalisikia kila mwaka. Lililonishtua ni lile la kuwa mwaminifu kwenye makaratasi. Nipo katika kazi hii mwaka wa 22 sasa, nilianzia stoo, na maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa na umri kama wako. Niliyapokea kama sifa. Nikafurahi, nikarudi mezani, nikaendelea kupanga mafaili kwa miaka mingine minne huku wenzangu wakipita.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kinatokea, kwangu na sasa kwako. Manunuzi yoyote, ya kalamu au ya mtambo, yana nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kuamua: tunahitaji nini hasa, cha ubora gani, nani anacho sokoni, tumpe nani, kwa bei gani na tumlipe lini. Nusu ya pili ni ya kutekeleza: LPO inatoka, mzigo unafuatiliwa, stoo wanapokea na kuhesabu, ankara inalinganishwa na LPO pamoja na hati ya mapokezi, uhasibu wanalipa. Nusu hii ya pili ikiyumba kiwanda kinasimama, kwa hiyo usijione umepoteza miaka mitano. Ila fedha ya kampuni huokolewa au hupotea katika ile nusu ya kwanza. LPO inapofika kwako, bei imeshakubaliwa. Unaweza kuandika maelfu ya LPO bila kosa na mkurugenzi wa fedha asiwe na namba hata moja yenye jina lako, isipokuwa siku utakayokosea.

Wale vijana wawili pengine hawakuzidi akili. Wamewekwa mahali ambapo kazi inahesabika. Baada ya miaka miwili mmoja ataandika kwenye wasifu wake kwamba alishusha gharama ya vifungashio kwa kiasi fulani, wewe utaandika kwamba uliandaa LPO kwa wakati. Anayesoma wasifu hizo mbili hahitaji kuwa na chuki na wanawake ili amchague yeye.

Sisemi kwamba hujabaguliwa. Umebaguliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, hali ya ndoa au ujauzito, na kumnyima mtu kazi kwa kuwa ni mke wa mtu kunaangukia humo. Andika tarehe uliyoambiwa maneno yale na aliyekuwepo. Lakini nikuambie ukweli: kuthibitisha kwamba cheo fulani kilikuwa chako ukanyimwa ni kazi ngumu sana ukiwa huna ushahidi wa maandishi, na kesi ya namna hiyo hula miaka. Kwa hiyo weka kumbukumbu, kisha tuhangaike na kile unachoweza kukibadilisha mwezi huu.

Kuhusu mahusiano, mkuu wako ana nusu ya ukweli. Ununuzi ni mahusiano kweli. Ila sapulaya anachokitaka kwa mnunuzi si kampani ya baa. Anataka kulipwa siku aliyoahidiwa. Anataka kujua mapema kwamba mwezi ujao utahitaji maboksi mengi zaidi, ili asikwame na karatasi. Anataka, akikosa zabuni, aambiwe kweli amekosea wapi. Kuna mwaka maboksi yaliadimika mjini, viwanda vikawa vinagombania. Mtengenezaji mmoja alitupatia sisi kwanza, na yule mzee sikuwahi kunywa naye hata soda. Kilichonibeba ni kwamba kila Jumatatu nilimpelekea makadirio ya wiki nne mbele, na malipo yakitaka kuchelewa nilimpigia mimi kabla hajaniuliza.

Mahusiano ya ununuzi hujengwa saa nne asubuhi, kwenye kiwanda cha huyo sapulaya. Nenda ukaone mashine ni ngapi na zinazofanya kazi ni ngapi, malighafi iliyopo itatosha siku ngapi, umeme ukikatika wanafanyaje. Nenda na mtu wa ubora kutoka kwenu, rudi na ripoti ya ukurasa mmoja. Wenzako wanaokutana naye jioni hawayajui haya. Na anayekula kwa bili ya sapulaya, kesho yake anaingia kwenye mazungumzo ya bei akiwa anadaiwa, hata kama hakuna aliyelitamka deni hilo.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo ningekushika mkono nikakuelekeza kama tungekaa pamoja. Acha kuomba "kupandishwa". Omba kundi la manunuzi liwe lako, kuanzia kuchagua sapulaya hadi mkataba. Na uchague vizuri, kwa sababu kuna makundi wanayopewa wanawake ambayo hayakupeleki popote: shajala, vifaa vya usafi, chai ya ofisini, sare za wafanyakazi. Mwaka 1983 mshauri wa biashara Peter Kraljic alipendekeza kila kinachonunuliwa kipimwe kwa maswali mawili: kinagusa faida kiasi gani, na soko lake ni gumu kiasi gani. Shajala inapata alama ndogo kote kuwili. Ukiokoa nusu ya bei ya kalamu hakuna atakayekuita kwenye kikao. Katika kiwanda cha vyakula, vitu vinavyopata alama kubwa ni malighafi kuu, vifungashio, usafirishaji na mafuta. Vifungashio vimeshapewa mtu, sawa, lakini ni kundi kubwa: kuna maboksi, lebo, nailoni, chupa, vifuniko. Omba maboksi peke yake, au lebo. Anayesimamia vifungashio vyote huenda akashukuru kupunguziwa.

Kisha uyafahamu maboksi yako kuliko mtu yeyote ndani ya jengo. Nikupe mfano wa hesabu, uone kwa nini kotesheni tatu kwenye jedwali hazitoshi. Sapulaya wa kwanza anauza boksi kwa shilingi 1,150, anataka fedha yote siku 30 kabla ya kuleta. Wa pili anauza 1,200, analipwa siku 60 baada ya kuleta. Kwa mazoea, wa kwanza anashinda. Tuseme kampuni yenu hukopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Kati ya malipo ya wa kwanza na ya wa pili kuna siku 90, na siku hizo zinaongeza kama shilingi 45 kwenye kila boksi la 1,150. Sasa ni 1,195, karibu wamelingana. Nenda stoo ukaulize ni maboksi mangapi ya kila mmoja hutupwa kwa kupasuka. Kama ya wa kwanza hutupwa matatu katika kila 100 na ya wa pili hayatupwi, kila boksi la wa kwanza lisilopasuka linawagharimu kama 1,232. Yule "wa bei nafuu" ndiye ghali, na bado hatujagusa hatari ya kumkabidhi mtu fedha yenu mwezi mzima kabla hajaleta kitu.

Hesabu hii haihitaji kukesha na mtu. Inahitaji kujua riba kutoka uhasibu, maboksi yaliyoharibika kutoka stoo, na tarehe za malipo kutoka kwenye mafaili. Mafaili hayo ni ya nani? Ni yako. Miaka mitano umekaa juu ya taarifa ambazo wale vijana wawili hawana. Nilipogundua hilo kwa upande wangu nilikaa nikalia kidogo, kisha nikafungua faili la kwanza.

Mkuu wako umkabili hivi. Andika ukurasa mmoja: matumizi ya maboksi kwa miezi 12, masapulaya waliopo, hesabu kama hiyo niliyokuonyesha, na ombi la kusimamia kundi hilo kwa miezi sita kwa majaribio, mwisho wake mkae muangalie matokeo. Usimtaje yeyote aliyepandishwa. Halafu mwondolee woga wake, maana amekuambia waziwazi kwamba anaogopa kukukosa kwenye makaratasi. Andika utaratibu wa LPO hatua kwa hatua, mfundishe mwenzako au mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo, na useme ndani ya barua kwamba umeshafanya hivyo. Wanawake wengi tunajifanya nguzo ambayo ikitoka nyumba inaanguka, tukidhani ndiyo usalama wetu wa ajira. Mtu asiye na wa kumwachia kazi hawezi kusogezwa popote.

Ukishaanza kushika bei na mikataba, kuna hatari ambayo shuleni hawaisemi vya kutosha. Mwanamke mwenye sifa ya uaminifu hutafutwa kwa ajili ya sahihi yake. Mambo yanakuwa yamepangwa kwingine, cha juu kimeshawekwa, wewe unaletewa karatasi ili jina lako liisafishe. Nikiwa bado mdogo kazini niliwahi kupewa proforma (ankara za awali) tatu "za kampuni tatu" nizilinganishe. Mbili zilikuwa na sanduku la posta moja, na zote tatu zilikosea neno lile lile kwa herufi zile zile. Nilikataa kusaini na nikaandika sababu kwa mkono wangu pembeni ya karatasi. Nilinuniwa miezi kadhaa. Baadaye wakaguzi walipokuja, mwandiko ule wa pembeni ndio ulionitenganisha na waliosaini. Usisaini tathmini ambayo hukushiriki. Usisaini kwa tarehe ya nyuma. Ukilazimishwa, omba agizo kwa maandishi. Mara nyingi maandishi hayo hayaji, na karatasi haitarudi kwako.

Na kama kuna siku mtu mwenye mamlaka, awe bosi wako au nani, atakudai mwili ili upate cheo au mkataba, hilo lina jina na lina kifungu. Ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe, usifute hata unaokuchefua, na uende TAKUKURU mwenyewe au upige 113, simu hiyo haina gharama. Usijaribu kulimaliza peke yako kwa ujanja. Mwambie pia mtu mmoja wa familia unayemwamini, tarehe ile ile.

Masomo. Shahada ya uzamili ningeiweka mwisho. Kwa mtu mwenye shahada na miaka mitano ya LPO, itakupa karatasi nyingine wakati unachokosa ni maamuzi uliyowahi kuyafanya. Itakufaa ukitaka kufundisha, au mahali ambapo muundo wa vyeo unaidai. CPSP ni tofauti. Kazi hii hapa Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi chini ya sheria ya mwaka 2007, na kwenye mlango wa ukuu wa kitengo swali la kwanza huwa ni hilo. Umeshaanza, maliza. Ukitamani migodi, mashirika ya kimataifa au kampuni zenye makao ya nje, utaona wanataja CIPS, chama cha Uingereza ambacho ngazi zake hupandwa hatua kwa hatua kwa mitihani. Ni nzuri na ni ghali. Usifanye zote mbili kwa pamoja na mtoto mchanga mkononi. Nimeona waliojaribu wakiacha zote.

Serikalini. Hapa kuna kutoelewana kidogo. Ile asilimia 30 ni sehemu ya manunuzi ambayo taasisi za umma zinatakiwa kuyatenga kwa ajili ya wazabuni wa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni ya wanaouza, haihusu nafasi za ajira wala vyeo. Hata hivyo serikalini kuna kitu ambacho sekta binafsi mara nyingi hatuna. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inagawa madaraka kati ya afisa masuhuli (mkuu wa taasisi), bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi, idara tumizi (inayohitaji kitu) na kamati ya tathmini, na NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, unaacha alama ya kila hatua. Kwa mtu asiyependa mambo ya baa, huo ni ulinzi mkubwa. Gharama yake ni kwamba nafasi zinagombaniwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, unaweza kupangiwa kituo mbali na mumeo, na utaanza upya chini. Uamuzi unategemea nyumba yako kuliko ninavyoweza kukuamulia. Ila usihame ukiwa na ujauzito wa miezi minne kwa sababu ya hasira. Likizo ya uzazi unayo mkononi hapo ulipo, usiiache kwa kazi ambayo bado hujaipata.

Tufike kwa mtoto. Sheria ile ya 2004 inakupa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi unaendelea kwa masharti yale yale ya kazi, na unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kukuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa. Wewe unatakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Maana yake una wiki chache bado.

Umwambie kabla au baada ya kuomba maboksi? Kuna ubishi wa kweli hapa. Ukimwambia kwanza, atakuwa na sababu rahisi ya kusema "tutaongea ukirudi". Ukimwambia baada, anaweza kuona umemzunguka. Mimi ningewasilisha ombi wiki hii, nianze kazi, kisha nitoe taarifa ndani ya muda wa sheria nikiwa tayari na matokeo ya mwezi mmoja au miwili. Muda huo umepewa na sheria, hujamdanganya mtu. Lakini kama mkuu wako ni mtu anayethamini kuambiwa mapema, na wewe unamjua kuliko mimi, mwambie yote mawili siku moja, ukiwa na mpango wa makabidhiano mkononi.

Kama baada ya taarifa utapunguziwa kazi, mshahara au cheo, usisubiri kuona kama hali itapoa. Mwone afisa kazi au wakili haraka, maana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi wetu tumepoteza haki kwa kuvumilia hadi mwezi wa tatu.

Na barua ya likizo utakapoiandika, weka ndani yake jina la atakayeshika maboksi na neno "anakaimu", pamoja na tarehe utakayorudi. Ambatanisha orodha ya mikataba, bei za sasa na ahadi zilizobaki kwa kila sapulaya. Omba isainiwe na mkuu wako pamoja na ofisi ya rasilimali watu, na barua hiyo yenye sahihi zao utunze nakala nyumbani.